Lisbon na mama mwenye magoti: anzeni na dhahabu ya Kilwa

Dada mmoja wa Tanga kaniandikia hivi: mwezi wa kumi anaenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na mama yake mzazi, siku nne tu, mara ya kwanza Ulaya wote wawili. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Wanaswali, hawali nguruwe wala hawagusi pombe, na hawataki safari ya kupiga picha tu halafu warudi nyumbani. Anauliza wakae wapi, waone nini, na waogope nini.

Dadangu, kwanza shikamoo yangu mfikishie mama. Nimekaa Lisbon miaka mingi natembeza wageni, na maswali kama lako napata kila wiki, ila wengi wanauliza tu tramu ya njano inapita wapi. Wewe umetaja magoti ya mama, na huo mji umejengwa juu ya vilima mtindo mmoja, kwahiyo hapo ndo pa kuanzia kabla hata hujalipia hoteli.

Barabara na vijia vya Lisbon vimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa, wenyewe wanaviita calçada. Vinapendeza sana ila vimesuguliwa na miguu ya watu miaka na miaka mpaka vimekuwa laini kama sahani, mvua kidogo tu ikinyesha vinateleza balaa, na mwezi wa kumi mvua huwa zinaanza kugusa gusa. Mama avae raba zenye soli ya mpira inayoshika, sio ndala sio viatu vya harusini. Halafu utasikia watu wanashauri mpande na usafiri mshuke kwa miguu. Kwa mtu mwenye magoti mazima sawa, ila kwa mama yako usikubali, maana kushuka ndo kunakoumiza goti kuliko kupanda, mwulize atakwambia mwenyewe ngazi za kushuka anavyozionea. Panda na usafiri, shuka na usafiri, tembeeni pale palipo tambarare.

Na tambarare ipo. Kaeni Baixa, kile kipande cha katikati kati ya uwanja wa Rossio na ule uwanja mkubwa wa mtoni, Praça do Comércio. Pako sawa kama kiganja na mitaa imenyooka kama daftari la hesabu, na kunyooka huko kuna sababu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka, tetemeko likapiga, halafu maji ya mto na bahari yakapanda juu ya mji, halafu moto. Walikufa maelfu kwa maelfu. Waziri wa mfalme, ndo huyo baadae akaitwa Marquês de Pombal, akasimamia mji kujengwa upya kwa mistari iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao zilizofumwa kama tenga ili nyumba itikisike isianguke. Kwahiyo mkilala Baixa mnalala ndani ya mji wa baada ya tetemeko.

Usikodi nyumba Alfama, ule mtaa wa kale wa kilimani, hata kama picha zinavutia. Gari haifiki mlangoni, utaburuza sanduku kwenye ngazi na mama nyuma yako. Na popote utakapokodi uliza swali moja: lifti ipo? Majengo mengi ya zamani hayana. Na ujue wao ghorofa ya chini hawaihesabu, wanaiita rés-do-chão, kwahiyo wakikwambia ghorofa ya tatu ni ngazi za ghorofa tatu kamili juu ya duka. Kuna kodi ya mgeni pia, euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, mara nyingi unalipa mkifika na haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni, usije ukadhani umepigwa.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka mlibebe moyoni. Wageni wote siku ya kwanza wanakimbilia Belém, kile kitongoji cha mtoni chenye monasteri, kupanga foleni. Nyie watu wa pwani siku ya kwanza nendeni Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Rua das Janelas Verdes, chukueni teksi tu kutoka Baixa sio mbali, na mkiingia ulizeni Custódia de Belém. Ni chombo cha kanisani cha dhahabu, haifiki hata mita moja kimo, kimechongwa kama mnara mdogo, ndani kuna mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wamepakwa rangi za kung'aa, vidole vyao unaviona. Kinatajwa kuwa kazi ya mfua dhahabu Gil Vicente. Sasa inameni muangalie maandishi ya kwenye kitako chake. Mtasoma jina QVILOA. Hiyo ni Kilwa. Kilwa Kisiwani yetu, ile ile.

Hadithi yake ni hii. Vasco da Gama mara ya pili alikuja pwani na manowari nyingi zenye mizinga, mwaka 1502 akaingia Kilwa akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, alipe kodi ya dhahabu kila mwaka la sivyo mji unapigwa. Dhahabu yenyewe ilikuwa inatoka bara, nyuma ya Sofala ya Msumbiji, Kilwa ilishaishi na biashara hiyo karne na karne, Ibn Battuta alipopita 1331 aliisifia Kilwa kuwa ni katika miji mizuri kabisa. Da Gama akarudi Lisbon 1503 na hiyo dhahabu, mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru itengenezwe hicho chombo kwa ajili ya monasteri yake ya Belém. Kikamalizika 1506. Na hapo katikati, 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alishafika akaivamia Kilwa, wakaupora mji, halafu wakapanda Mombasa wakaichoma. Yaani mafundi wapo Lisbon wananakshi dhahabu ya Kilwa, na Kilwa yenyewe inaporwa.

Mimi nimekisimamia kile chombo mara nyingi sana na bado koo linanikaba. Mzee mmoja wa Lindi nilimpeleka akakaa kwenye benchi pale mbele yake karibu nusu saa hasemi kitu. Kibao cha maelezo watu wanakipita haraka maana kwao ni kitu cha dini tu kilichotengenezwa vizuri. Kwenu ni zaidi. Mpe mama muda wake, msimharakishe. Ila kabla hamjatoka hotelini ingieni kwenye tovuti ya makumbusho muone kama ukumbi huo uko wazi siku hiyo, kwasababu majumba mengi ya Lisbon yamekuwa kwenye ukarabati, na Jumatatu msiende kabisa, Jumatatu makumbusho mengi ya serikali yanafungwa, na monasteri ya Belém pia. Kama moja ya siku zenu nne ni Jumatatu hiyo ndo iwe siku ya mitaani.

Mkishaona dhahabu ndo Belém inapata maana, kesho yake. Tramu namba 15 inaenda moja kwa moja kutoka Praça da Figueira, ni ndefu ya kisasa, kupanda ni rahisi. Belém nzima ni tambarare, mama atafurahi. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 na pesa zilitoka kwenye asilimia 5 ya biashara ya Afrika na ya mashariki, ndo maana ile kamba na matumbawe na mitende mnayoiona imechongwa kwenye mawe ni vitu vya safari za baharini. Kwenye kanisa lake, ukiingia tu, kushoto kwako kaburi la Vasco da Gama, ng'ambo yake la Camões mshairi. Ua wa ndani wenye matao una tiketi, nunua mtandaoni kabla, foleni ya pale saa tano asubuhi na jua lake sio ya kumsimamisha mama. Ule mnara wa mabaharia ulioko mtoni, Padrão dos Descobrimentos, ni wa 1960 tu, sio wa zamani kama watu wanavyodhani, chini yake sakafuni kuna ramani ya dunia ya mawe ya rangi. Mtafute pwani yenu. Pale karibu kuna duka la vitobosha vyao vya maziwa na mayai, Pastéis de Belém, toka 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba, ukitaka kukaa pita ndani kuna vyumba vingi na meza zinapatikana haraka. Kwa habari ya mafuta ya keki, hapo na kwingine kote, uliza kama kuna banha, ndo mafuta ya nguruwe, maana mapishi yanatofautiana duka kwa duka.

Nikiwa kwenye chakula nimalizie. Samaki ndo mwokozi wenu. Sardinha za kuchoma, pweza wa oveni na viazi na kitunguu saumu, huyo mama atamjua bila kuelezwa. Bacalhau ni samaki mkavu wa chumvi, analowekwa maji siku nzima au zaidi kama nyie mnavyoloweka ng'onda, halafu anapikwa kila namna. Lakini supu ya sukuma inayoitwa caldo verde inaonekana ya mboga tupu kumbe wanatia vipande vya soseji ya nguruwe, na wali wa bata juu wanapanga soseji hiyo hiyo. Sema hivi: sem carne de porco, sem vinho. Neno vinho mnalijua tayari, ndo mvinyo. Na mtashangaa sana kwa hilo, mkiwa mkahawani mtasikia mesa, copo, hotelini fronha, barabarani bandeira, kanisani igreja. Meza, kopo, foronya, bendera, na hiyo igreja ndo gereza letu, kwetu neno la kanisa likaishia kwenye ngome na pingu. Mwambieni mama asikilize, atayakamata mengi kuliko nyie.

Kitu kimoja mkahawani kinawauma wageni sana. Mkikaa tu, hamjaagiza, mhudumu anaweka mkate, zeituni, jibini, siagi. Sio zawadi. Ukila unalipa, usipogusa hulipi, na unaweza kumwambia aondoe, não obrigada kwa nyie wanawake. Mkahawa mmoja hivi karibuni ulimletea mgeni wangu bili ambayo nusu yake ilikuwa vitu hivyo. Mchana tafuteni prato do dia, sahani ya siku, ndo bei ya wenyeji. Na jikoni kwao kuna saa zake, mchana wanapika kuanzia saa sita mpaka kama saa tisa, halafu hakuna moto mpaka saa moja jioni, kwahiyo mama kama anakunywa dawa na chakula pangeni hilo. Nyama ya halali ipo nyingi mitaa ya nyuma ya Martim Moniz, Rua do Benformoso, Wabangladeshi wamejaa pale, biriani ipo, na ni mwendo wa dakika chache kutoka Baixa bila kilima. Eneo hilo linaitwa Mouraria, ndiko Waislamu waliambiwa wakae baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji 1147, na leo adhana za simu zinalia tena pale pale. Msikiti mkuu uko upande wa Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, mnafika kwa metro. Kama Ijumaa imo kwenye siku zenu nendeni, huenda mkakutana na Wamozambiki wanaokijua Kiswahili cha Cabo Delgado, mama akapata wa kuongea nae.

Sasa vilima. Kwa ngome ya São Jorge chukueni basi 737 hapo hapo Praça da Figueira, linapanda mpaka mlangoni na linawashusha. Au lifti za bure, watu hawazijui: moja iko ndani ya jengo mtaa wa Rua dos Fanqueiros inakutoa Rua da Madalena, unavuka kidogo kuna nyingine kwenye jengo la soko la zamani la Chão do Loureiro inakupandisha tena. Kwenda Chiado, mtaa ulioko juu ya Baixa, ingieni stesheni ya metro Baixa-Chiado upande wa chini, ngazi za umeme zinawatoa juu kabisa. Lile lifti la chuma la Santa Justa la 1902 lina foleni ndefu mno kwa safari ya dakika moja, na daraja lake la juu unalifikia kwa kutembea tu kutokea Largo do Carmo. Kuhusu yale magari ya kamba ya kwenye miteremko, moja lao, la Glória, lilikatika kamba tarehe 3 Septemba 2025 wakafa watu 16. Msipange safari mkiyategemea.

Hapo Largo do Carmo kaeni. Kuna miti, kuna mabenchi, na kanisa lisilo na paa lililoachwa hivyo tangu tetemeko. Pembeni yake ni kambi ya askari ambako tarehe 25 Aprili 1974 mkuu wa serikali Marcelo Caetano alijisalimisha, wanajeshi vijana wamechoka na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji, watu wanawachomeka maua mekundu kwenye bunduki. Mama yako alikuwa msichana miaka ile, atakumbuka. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam 1962, kambi yao ilikuwa Nachingwea, kiongozi wao Mondlane aliuliwa Dar 1969. Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya siku ile ya Carmo, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Muulizeni mama redio ilisemaje siku hizo, mkiwa mmekaa pale pale.

Alfama msiikose ila kwa ratiba yenu. Jina lenyewe ni Kiarabu, al-hamma, chemchemi za moto, ndugu wa hamamu. Pandeni mpaka Portas do Sol na teksi, kaeni kwenye baraza muangalie mapaa mekundu na mto, wewe mwenyewe shuka vichochoro nusu saa huku mama anakunywa chai. Mkutane palepale juu.

Tramu 28, ile ya njano ya kwenye picha, mtaipanda au hamtaipanda, mi nakwambia ukweli: saa za mchana imebanana, mama hatapata kiti, na vibaka wanaijua kuliko dereva. Mgeni wangu mmoja alitolewa pochi kifuani akiwa ameishika simu anapiga video. Kama roho inataka ipandeni alfajiri, saa moja asubuhi, mwanzo wa njia kabisa Martim Moniz, mtakaa dirishani kwa raha. Pasipoti iache hotelini, tembea na kopi. Na vijana watakaokunong'oneza mitaa ya Baixa wanauza sijui nini, pita tu usijibu. Ukiibiwa polisi wa watalii wapo Palácio Foz, uwanja wa Restauradores. Dharura ni 112.

Usafiri: kila mtu awe na kadi yake ya navegante, nusu euro, mnajaza pesa kwenye mashine za metro, kadi moja hamuwezi kugongea watu wawili. Kutoka uwanja wa ndege metro nyekundu mpaka Alameda halafu kijani mpaka Rossio, ila na masanduku na mama mi ningechukua teksi ya kwenye simu. Pesa toeni kwenye mashine zenye alama ya Multibanco, zile nyingine za rangi rangi zilizosimama kwenye mitaa ya watalii makato yake mabaya. Na mashine ikikuuliza ukatwe kwa shilingi au euro, chagua euro siku zote, ukikubali shilingi wanakubadilishia kwa bei yao.

Jioni moja pandeni feri pale Cais do Sodré mvuke kwenda Cacilhas, dakika kama kumi, kama mnavuka Kigamboni, bei ndogo, na mji wote mnauona unageuka rangi ya dhahabu na jua linaingia nyuma ya daraja. Mwezi wa kumi linazama kama saa moja, kwahiyo magharibi mtaipata upande wa pili, bebeni mswala mdogo.

Viza ya Schengen anzeni mapema sana, miezi kadhaa, bima isipungue euro 30,000, na kama mtalala kwa ndugu au rafiki yeye ndo aandike barua ya mwaliko. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hakuna. Mkiunganisha Amsterdam au Frankfurt ukaguzi wa pasipoti na alama za vidole mnafanyiwa huko huko, kwahiyo usikubali tiketi yenye saa moja ya kubadilisha ndege, na mkiunganisha Doha au Istanbul foleni ni ya Lisbon, huwa inakwenda masaa. Dawa za mama ziwe kwenye begi la mkononi na cheti cha daktari. Na kwenye tiketi ya mama omba kiti cha magurudumu, ni bure, waambie shirika la ndege angalau masaa 48 kabla ya safari, kwenda na kurudi, hata kama nyumbani anatembea mwenyewe.